Kazi ya Tatu: Kumwambia Mjomba

Usiku wa jana niliota, mimi Togolani, msimamizi mkuu wa harusi ya dada yangu Nakijwa, mtu ambaye katika ukoo mzima hakuna mlango unaomkatalia. Hilo la mlango nalisema mapema kwa sababu ni kweli. Neno la siri la simu ya baba nalijua. La intaneti ya kanisani nalijua. Kwenye kamati ya harusi, watu wazima wenye vitambi na vyeo vyao, hakuna awezaye kuhamisha hata keki kutoka Ijumaa kwenda Jumamosi bila kidole changu.

Kabla ya ndoto, sikia kwanza niliyolala nayo.

Vikao vilipoanza, daftari la kamati lilipotea mara mbili, ndipo nikawawekea wote kwenye simu ile programu ya kupangia kazi. Ni ubao mmoja, kila mtu anauona kwake. Kila kazi ina kisanduku chake. Ikiisha unakigonga, kinapata alama ya vema ya kijani. Kazi nyingine unaifunga kwa mshale nyuma ya mwenzake: hii isubiri ile. Ile isipopata vema, hii inakaa na kufuli dogo na haiguswi. Wala si kila mtu anagusa. Baba nilimpa ruhusa ya kutoa maoni. Shangazi Namsifu, dada yake baba, nilimpa ya kuangalia tu, kwa sababu siku ya kwanza aliufuta ukumbi kwa kidole gumba akidhani anapangusa vumbi.

"Sasa mimi humu nafanya nini?" aliniuliza.

"Unaangalia, shangazi."

"Basi?"

"Basi."

Akavaa miwani, akaanza kuangalia. Hakuuliza tena.

Kazi ya tatu aliitaka yeye: kumwambia Mjomba Elieneza, kaka yake mama. Kwetu mjomba haambiwi harusi kwa simu, hata kama hiyo simu yake ndogo ya kitochi ingekuwa inapokea. Anaambiwa na mtu aliyepanda mlima mpaka Usangi, akakaa mbele yake. Asipoambiwa hivyo haji, na asipokuja hakuna wa kumshika bibi harusi mkono avuke kizingiti cha kwao. Shangazi akasema kila kitu kisubiri hilo. Kadi, mpishi, maturubai, gauni. Nikachora mishale thelathini na moja, yote ikitoka kwa mjomba.

Nikatumwa mimi. Nilifika Mwanga mjini, mvua ikanyesha, gari la mlimani likachelewa, na rafiki yangu wa shule, Kiangi, alikuwa na chipsi mayai na mpira kwenye runinga. Nikampigia mjomba, hapatikani. Huku nyumbani kamati inalia: kadi zimefungwa, mpishi amefungwa. Basi mkono wa kushoto nimeshika kijiti cha meno, wa kulia ukaigonga kazi ya tatu. Kijani. Makufuli thelathini na moja yakafunguka kwa mpigo, na kamati ikanisifu wiki tatu nzima. Walipouliza mjomba kasemaje, nikasema amefurahi mno, na atakuja na mbuzi.

Mbuzi nilimwongeza mwenyewe. Niliona anafaa.

Harusi ni Jumamosi. Jana ilikuwa Jumatano. Nililala vizuri tu, usidhani.

Nikaota niko uani kwetu, hapa Makorora, Tanga, na ni Jumamosi yenyewe, saa tisa mchana. Watu wamejaa na hakuna anayesogea. Wapishi wamesimama na miko juu. Sufuria kubwa la pilau liko mekoni, kuni zimepangwa chini yake, njiti ya kiberiti imetoka nusu kwenye boksi lake na hapo hapo imekwama.

"Mbona hampiki?" nauliza.

"Tunasubiri," linasema sufuria. Lina sauti ya mwalimu wangu wa hesabu.

"Mnasubiri nini? Kazi zote zimefunguliwa. Nilizifungua mimi."

"Ndivyo tulivyosikia," linasema sufuria, kisha likanyamaza kwa namna ambayo mwalimu yule alikuwa ananyamaza kabla hajaniita ubaoni.

Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mbele, na alikuwa mdomo mtupu. Suti, tai, na juu ya tai mdomo. Akasema maoni yake ni kwamba tungeanza mapema. Akasema maoni yake mengine ni kwamba kuna joto. Pembeni yake amekaa Shangazi Namsifu, mikono ya gauni imening'inia haina kitu ndani, usoni hana mdomo, ana macho mawili tu nyuma ya miwani. Nikamwamkia. Hakuitika. Alikuwa ananiangalia.

Nikaona nisiangaliane naye. Nikageukia mlangoni.

Nakijwa alikuwa amesimama pale na gauni lake, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya kizingiti, unaelea. Hauendi mbele, haurudi nyuma. Ncha ya kiatu ilikuwa nyekundu, na kiatu tulinunua cheupe.

"Togo," akasema, "mguu umekufa ganzi."

"Ushushe."

"Haushuki. Hakuna wa kunishika mkono."

Nikanyoosha mkono nimshike mimi. Ukapita katikati ya wake kama unapita kwenye mvuke wa chai. Nikajaribu tena. Wekundu ukapanda mpaka kwenye kifundo. Mimi ndiye niliyeichagua rangi ile kwenye mipangilio: kazi iliyopitwa na muda, igeuke nyekundu, watu waogope.

"Jua likizama," linasema sufuria nyuma yangu, "atakuwa amepitwa. Aliyepitwa anashushwa chini kabisa ya ubao."

"Halafu?"

"Chini kabisa ya ubao hakuna anayefika. Wewe mwenyewe umewahi kufika?"

Sijawahi. Nikamtazama Nakijwa, naye akanitazama, akaniuliza polepole, ili wageni wasisikie, kama mjomba yuko njiani. Nikamwambia yuko njiani. Wekundu ukaruka mpaka nusu ya goti.

Wakati huo alama ya vema ya kazi ya tatu ikaingia getini. Ilikuwa ya kijani, kimo cha ndoo ya lita ishirini, inachechemea, maana hizi alama zote mguu mmoja ni mfupi.

"Shikamoo, msimamizi," ikasema.

"Marahaba."

"Nimechoka kusimama. Wiki ya tatu hii nasimama mahali ambapo chini hakuna kitu."

Nikaigonga kwa kidole. Ikalia kama debe tupu. Wageni wote wakageuka, wale wasio na mikono na wale wenye midomo tu, na mimi nikakohoa kana kwamba ile sauti ilitoka kwangu.

Sasa, mimi si mtu wa kushindwa na mlango, nilishasema. Kwenye mlango kulikuwa na kufuli, na kiunoni nilikuwa na funguo thelathini na moja, kwa kuwa msimamizi mkuu anakuwa nazo zote. Nikaingiza wa kwanza. Ukaingia vizuri, ukazunguka vizuri, kufuli halikufunguka. Wa pili hivyo hivyo. Wa kumi hivyo hivyo. Zote zinaingia na zote zinazunguka.

"Funguo ni nzuri," linasema kufuli, na ufunguo ungali mdomoni. "Tatizo si funguo."

"Basi naifuta kazi ya tatu. Nina ruhusa."

"Unayo. Unaifuta?"

"Naifuta."

"Kata mshale, basi."

Mshale ulikuwa kamba ya katani. Ulianzia kwenye kisanduku cha kazi ya tatu, ukapita juu ya mabega ya Nakijwa, ukaingia ndani. Nikachukua kisu cha mpishi, nikaufuata mpaka sebuleni. Umefungwa kwenye picha ya harusi ya mama, ile ya ukutani. Kwenye picha mama amevuka kizingiti nusu, na anayemshika mkono ni Mjomba Elieneza, kijana, ana nywele nyingi na suruali pana chini. Picha hiyo nimekula chini yake tangu nizaliwe na sikuwahi kumwona mjomba humo.

Nikakata uzi mmoja. Mkono wa mama kwenye picha ukafifia. Nikakata wa pili. Kutoka mlangoni Nakijwa akaniita, na sauti yake ilifika bila mwanzo. Nikatazama chini: kandambili yangu ya kushoto imesimama peke yake, haina mguu.

"Inafuta mpaka wapi?" naliuliza kufuli.

"Mpaka mwisho wake. Mama yako alivushwa na mjomba huyo huyo. Na wewe uko kwenye kamba hiyo hiyo. Tunaendelea?"

"Hapana."

"Sema ghairi."

"Ghairi."

Mguu ukarudi, ila ulirudi kwenye kandambili ya kulia, juu ya mwenzake, nikawa naweza kwenda kwa kuruka tu. Sikulalamika. Nakijwa alikuwa mwekundu mpaka gotini, na kivuli cha turubai kilikuwa kimeshafika ukutani.

Nikaibeba alama ya vema kwapani, nikaruka mpaka getini, nikatoka.

Nje ya geti si Makorora. Ni kona ya mwisho ya mlima wa Usangi, mvua imekatika sasa hivi, udongo mwekundu unanivuta nyayo. Katikati ya njia amesimama mbuzi. Rangi yake siwezi kuitaja. Hakuwa mweupe, wala mweusi, wala kijivu. Alikuwa mbuzi asiye na rangi, na ukimtazama sana unasahau unachotazama.

"Mimi ni rangi gani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Mbona wewe ndiye uliyenisema?"

"Nilisema mbuzi tu."

"Ndiyo. Na haya ndiyo matokeo." Akatembea pembeni yangu. "Na je, ni dume au jike? Watu wananiuliza njiani, nakosa la kuwaambia."

Nikamwambia tutazungumza baadaye, nina haraka. Akasema na yeye ana haraka, wiki tatu sasa yuko njiani kwenda harusini na hafiki, kwa sababu sikusema anatokea wapi.

Mjomba Elieneza alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake. Amevaa koti lililopigwa pasi, kofia iko gotini, begi dogo katikati ya miguu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kiti cha wageni kilichokuwa mbele yake, na kwenye kiti kile kulikuwa na neno limekaa. Sijui nikueleze vipi. Lilikuwa neno, limekaa, limekunja nne.

"Hili lina wiki tatu hapa," mjomba alikuwa akiwaambia kuku. "Halisalimii, halili. Nikiliuliza nani kalituma, linasema Togolani. Nikiliuliza limeleta habari gani, linasema imekamilika. Nikavaa koti. Kwenda wapi, sijui."

Moyo ukanipasuka kidogo, lakini sikuwa na muda nao. Nikasema palepale, nikiwa nimesimama: "Mjomba, Nakijwa anaolewa leo."

Maneno yakatoka mdomoni, yakaanguka kwenye tope, yakarukaruka kama vyura kuelekea mgombani. Mjomba hakusikia hata moja.

"Anza mwanzo," kikasema kigoda kutoka chini yake.

"Mwanzo upi?"

"Mtoto wa mjini, huu hapa. Salamu."

Nikasema shikamoo mjomba. Mjomba akainua uso, akasema marahaba, hamjambo huko. Nikasema hatujambo. Akauliza mama. Nikasema hajambo. Akauliza baba, nikasema hajambo, anatoa maoni. Akauliza mvua za Tanga, nikasema zipo. Kila jibu langu lilikuwa linafungua swali linalofuata, kwa mlio mdogo, na nikaelewa kwamba hii ndiyo ile ile programu, ila hii ilitungwa na watu waliokuwa na muda. Alama ya vema kwapani mwangu ilikuwa inang'aa kama kioo, na ndani yake namwona Nakijwa. Mwekundu mpaka kiunoni. Jua limegusa paa la jirani.

Nikaruka swali moja. Mjomba alikuwa anafungua mdomo kuuliza maharage, nikasema yote mazima, mjomba, kila kitu kizima.

"Umeruka maharage," kikasema kigoda.

"Sina maharage. Naishi Makorora."

"Hata hivyo."

Mjomba akarudisha uso kwenye lile neno kana kwamba sijawahi kufika.

Nikaanza tena. Shikamoo. Marahaba. Mama. Baba. Mvua. Mguu mmoja juu ya mwenzake, mbuzi ananipumulia kisogoni. Maharage. Nikamwambia maharage sijui, mjomba, sijui kabisa, sijui hata yanavyopandwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoto ile kusema kitu cha kweli, na mguu wangu ukarudi mahali pake.

Mjomba akanitazama vizuri. "Kaa," akasema.

Kiti kimoja, na kimekaliwa.

"Mgeni wako huyo," akasema. "Mwondoe wewe. Mimi sikumleta."

Nikaiweka alama ya vema chini, kwenye tope. Ilikuwa inatetemeka. Nikaona nisipoigonga itabaki, na nikiigonga kila mtu nyumbani atajua: kamati, mpishi, padri. Baba atatoa maoni mpaka Krismasi. Ndani ya kile kijani Nakijwa ni mwekundu mpaka kifuani, mguu bado hewani, na hanitazami tena mimi. Anatazama barabarani, mahali ambapo mtu wa kutoka Usangi angetokea.

Kidole gumba changu kilikuwa kimejaa udongo. Nikaigonga hivyo hivyo.

Ikasema asante, ikazimika. Neno likasimama kwenye kiti, likajikung'uta, likaondoka bila kuaga. Kutoka chini ya mlima nikasikia makufuli yanafunga. Kadi. Mpishi. Maturubai. Moja moja, mpaka thelathini na moja.

Nikakaa. Kiti kilikuwa cha baridi.

"Haya," akasema mjomba, akaitoa kofia gotini akaishika kwa mikono miwili. "Habari za safari."

Jua lilikuwa ukucha tu. Nikafungua mdomo.

Nikaamka.

Alhamisi, asubuhi, chumbani kwangu. Nikatazama miguu: miwili, misafi, kila mmoja na upande wake. Nikacheka peke yangu. Nikasema ndoto ni chipsi nilizokula jana usiku, nikatoa simu chini ya mto.

Ubao wote mwekundu. Kufuli kwenye kadi, kufuli kwa mpishi, kufuli kwenye gauni. Kazi ya tatu haina kitu, na chini yake pameandikwa: alama imeondolewa na Togolani, leo. Saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri. Saa hiyo nilikuwa nakoroma, muulize yeyote wa nyumba hii.

Na juu ya kioo, pale pale kwenye kisanduku cha kazi ya tatu, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Udongo mwekundu, mbichi bado. Kwetu Makorora ni mchanga mtupu. Udongo ule hatuna hata kwenye kopo la maua.

Nikaupangusa kwa shuka.

Halafu nikafikiri kama msimamizi mkuu. Kamati bado imelala. Hakuna aliyeona. Kugonga mara moja tu, kijani kinarudi, makufuli yanafunguka, na Jumamosi tutasema mjomba amepatwa na homa. Kidole kikaanza kushuka chenyewe.

Ndipo nikaona pembeni ya ubao kile kiduara kidogo kinachotokea mtu mwingine akiwa ameufungua wakati huo huo. Ndani yake kuna herufi moja. N.

"Usiirudishe," akasema Shangazi Namsifu.

Alikuwa mlangoni. Kitenge kifuani, miwani puani, simu ameinyoosha mbali kama watu wa umri wake wanavyosoma. Miguuni pake kulikuwa na begi.

Nikamwambia programu inasumbua tangu jana, ni mtandao, hata Kiangi analalamika.

"Wiki tatu naangalia, baba," akasema, bila kupandisha sauti. "Kila kitu humu kinaandika saa yake. Uliigonga saa tisa na nusu. Gari la Usangi siku ile lilitoka Mwanga saa kumi na moja, nilimuuliza dereva. Nikasema labda mtoto kapanda kwa miguu. Nikaendelea kuangalia."

"Sasa mbona hukusema, shangazi?"

"Ulinipa kuangalia tu. Kusema hukunipa." Akaizima simu, akaitumbukiza kifuani. "Nilijiambia nitakungoja uiondoe mwenyewe mpaka leo. Leo usingeiondoa, ningesema bila ruhusa yako. Umeiondoa. Sasa oga, basi linatoka saa moja, na salamu za mjomba wako ni ndefu."

Nikashuka kitandani. Nikaanza kutafuta suruali, naye hakuondoka. Alikuwa bado ananiangalia, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Halafu nilitaka kukuuliza," akasema. "Yule mbuzi uliyewaambia kamati. Ni wa rangi gani?"